Mstari Mweusi wa Onsongo

Kama ungeingia Migori mwaka wa 1966 ukitokea upande wa mtoni, kitu cha kwanza kukupokea kingekuwa mstari mweusi. Ulikuwa kwenye ukuta wa duka la nguo, kwenye ukuta wa bucha, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga mahindi, hata kwenye kibanda cha kinyozi, ambacho kilikuwa cha matope matupu na hakuna mtu aliyekuwa amekidai mstari. Upana wake vidole viwili, kimo chake inchi sita kutoka ardhini, nao ulizunguka jengo zima pasipo kukatika. Mgeni angedhani ni urembo wa watu wa huko. Ilikuwa ni kanuni ya ujenzi, na mwenye kanuni alikuwa anakaa Homa Bay.

Kanuni yenyewe haikuwa mbaya. Ilisema kwamba kila nyumba ya kudumu mjini lazima iwe na karatasi ya lami ndani ya ukuta. Karatasi hiyo ni nene, nyeusi, inauzwa ikiwa imeviringishwa kama mkeka, na hulazwa juu ya bloku za msingi, upana wote wa ukuta, kabla bloku nyingine hazijapandishwa. Unyevu wa ardhi ukipanda hukutana nayo na kurudi ulikotoka. Bila karatasi, ukuta unakunywa maji. Plasta inavimba, chokaa kinabanduka, nguo zinanuka kabatini na watoto wanakohoa mwaka mzima. Sasa karatasi ikishalazwa na nyumba kupanda juu yake, kinachobaki kuonekana nje ni ukingo wake tu, yaani mstari mweusi.

Na mkaguzi, Bwana Nashon, alikuwa mtu wa kuangalia kinachoonekana. Alikuja Ijumaa ya tatu ya kila mwezi kwa Landrova, suruali imepigwa pasi ikasimama, viatu vinang'aa, na hakupenda kuinama. Alisimama barabarani, akaangaza macho, akiuona mstari akatia sahihi. Asipouona, aliandika "Hakuna" na kupanda gari. Mafundi wa Migori si wajinga. Nusu mwaka haukuisha kabla hawajafahamu kwamba serikali haikuwa na haja na karatasi, ilikuwa na haja na mstari. Fundi Maroa, Mkuria mmoja mcheshi ambaye hata ukimtukana anacheka, alikuwa na kopo la lami iliyochanganywa na oili chafu ya gari, na brashi ya katani. Nyumba iliyokosa karatasi aliipa mstari kwa muda ule ule wa kuchemsha chai. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa amepitisha nyumba kumi na tisa, na hakuna hata moja iliyokuwa na karatasi ya kutosha kufunga mkate.

Fundi mmoja tu alikataa. Huyo alikuwa Momanyi Onsongo.

Onsongo alikuwa Mgusii, mwembamba, mwenye umri wa miaka arubaini na miwili, shemasi wa Waadventista, na alikuwa na ugonjwa ambao hospitali haina dawa yake: hakuweza kuuvumilia unyevu. Akiingia nyumba ya mtu hakuangalia picha ukutani, aliutia ukuta kiganja kama mganga anayepima homa. Siku ya kulaza karatasi ya lami hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Alifagia kichwa cha bloku kwa brashi, akatandaza simiti nyepesi, akaiviringua karatasi polepole. Kila mahali palipokutana karatasi mbili aliipandisha moja juu ya nyingine inchi sita kamili, na kwenye pembe akazipishanisha. Tena alivua viatu. Alisema msumari wa soli ukiitoboa karatasi, basi hapo ndipo maji yatakapopitia, na maji hayana haraka. Watu wa Migori walicheka hadi wakachoka. Walisema Onsongo akilaza karatasi huvua viatu kama anaingia msikitini, naye ni wa Sabato.

Ugonjwa huo aliupatia Homa Bay. Mwaka wa 1948, akiwa kibarua wa kubeba bloku kwenye nyumba moja ya serikali karibu na ziwa, aliona roli mbili za karatasi ya lami zikishushwa kwenye lori. Kesho yake hakuziona. Zilikuwa zimekwenda kuezeka banda la kuku la Mzungu aliyekuwa mkubwa wa hapo, kwa vile kuku wake walikuwa wakilowa mvua. Msimamizi wa kazi, Mhindi mmoja mzee, alitikisa kichwa mbele ya msingi ule mtupu.

"Hii ukuta takunywa maji," alimwambia kijana Onsongo. "Leo hapana, kesho hapana. Lakini takunywa."

Onsongo aliibeba kauli hiyo moyoni tangu siku ile. Alijifunza uashi, akaoa Nyamoita, akahamia Migori, na kwa zaidi ya miaka kumi akawajengea watu nyumba kavu huku yeye mwenyewe akipanga chumba cha udongo nyuma ya soko, ambacho wakati wa masika ungeweza kuotesha sukuma wiki ukutani. Nyamoita hakuacha kumkumbusha jambo hilo.

Halafu mwishoni mwa 1964 akapewa ploti. Barua ilikuja na muhuri, na Nyamoita akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai. Ilisema: mwenye ploti ajenge nyumba ya kudumu, ikaguliwe na kutiwa sahihi kabla ya tarehe 31 Disemba 1966. Ikishindikana, ploti itarudi serikalini pamoja na chochote kilichosimama juu yake. Maneno hayo ya mwisho Onsongo aliyasoma mara tatu.

Alijenga Jumapili tu. Jumamosi ilikuwa ya Mungu, na siku tano zilizosalia zilikuwa za watu waliomwajiri. Bloku alizitengeneza mwenyewe, moja moja, kwa kalibu ya mbao. Ndiyo sababu nyumba ya vyumba vitatu ilimchukua miaka miwili kasoro siku chache. Lakini ilikuwa nyumba! Pembe zake ungeweza kuzipima na timazi la malaika. Na chini, inchi sita juu ya ardhi, karatasi halisi ya lami ilikuwa imetoa ukingo wake nje kiasi cha unene wa kidole, kuzunguka nyumba yote. Kilichobaki ni sahihi ya Bwana Nashon, na Ijumaa ya tatu ya Disemba ilikuwa tarehe kumi na sita.

Alhamisi, siku moja kabla ya ukaguzi, Onsongo alikuwa Rongo, akimalizia ngazi ya nyumba ya mwalimu mmoja. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, tena kwa nia njema kabisa.

Elewa kwamba Nyamoita alikuwa mwanamke wa kusifika. Tangu msichana, kila Ijumaa kabla jua halijatua, alisiriba nyumba yake kwa udongo mwekundu, samadi ya ng'ombe na majivu, ili Sabato iikute safi. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Mgeni akija na ukuta haujasiribwa chini, aibu hiyo si ya ukuta, ni ya mwenye nyumba. Sasa mgeni anayekuja ni wa serikali, na nyumba ni mpya! Nyamoita aliita wanawake wawili wa kanisani, wakateka udongo mtoni, wakaukanda, na kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa imesiribwa kutoka ardhini hadi kwenye goti, laini kama shavu la mtoto, na alama za vidole zimepangwa juu yake kwa mawimbi. Walipomaliza walisimama mbali wakaitazama na wakaimba wimbo mmoja wa kusifu.

Onsongo alirudi Ijumaa kwa basi la alasiri. Alipokata kona tu, akauona ukuta wake, na mzigo wa vyombo ukamponyoka begani.

"Mama Mong'ina! Umefanya nini?"

"Nimekutoa aibu, Baba Mong'ina," alijibu Nyamoita akitabasamu. "Kuna kitu cheusi kilikuwa kimechungulia huko chini nyumba yote, kama shimizi ya mwanamke mzembe. Nimekifunika."

Onsongo aliinama akautia udongo kiganja. Udongo ule ulikuwa umeufunika mstari, hilo moja. La pili, na kwake lilikuwa baya zaidi, ulikuwa umeyajengea maji daraja. Unyevu sasa ungepanda kwa nje, kupitia kwenye samadi, ukairuka karatasi na kuingia ukutani kwa raha zake. Alikuwa bado ameinama hapo wakati Landrova iliposimama barabarani.

Bwana Nashon aliteremka, akaangaza macho. "Mzee, line iko wapi?"

"Iko, Bwana Inspekta. Mama amesiriba juu yake."

"Mimi sioni line."

Onsongo alichomoa mwiko, akapiga magoti, akaparua udongo. Ukingo mweusi ukatokea, kiasi cha futi moja. "Hii hapa. Karatasi yenyewe, imeingia mpaka upande ule mwingine."

"Hiyo umechimbua sasa hivi. Nitajuaje hukuiweka jana?"

"Bwana, nitaiwekaje jana na nyumba imekalia juu yake?"

Watu walikuwa wamekusanyika, na hapo wakacheka. Lilikuwa kosa lao. Mkaguzi anaweza kusamehe ukuta mbovu, kuchekwa hasamehi. Shingo ya Bwana Nashon ikavimba.

"Kwa Maroa naona line kutoka kwa barabara, bila shida. Kwako mpaka mtu achimbe kama anatafuta viazi! Kitu imefunikwa haikaguliwi. Ndiyo kanuni." Akaandika "Hakuna", akafunga jalada. "Nitarudi Januari."

"Bwana Inspekta, ploti yangu inaisha tarehe thelathini na moja mwezi huu."

"Hiyo ni mambo ya ploti. Mimi niko mambo ya ukuta."

Landrova haijafika mbali, imesimama kwa mwenye bucha, Maroa akatokea na kopo lake. Alikuwa anamhurumia mwenzake kweli kweli. "Onsongo ndugu yangu, nikupigie? Dakika kumi. Juu ya udongo huo huo. Yeye bado ananunua nyama."

"Nyumba yangu ina karatasi."

"Najua ina karatasi. Ndiyo sababu haina mstari."

Onsongo alikataa. Nasema wazi kwamba mimi ningekubali, na wewe pia, lakini Onsongo hakuwa mimi wala wewe. Alisimama akalitazama gari likiondoka na nyama yake. Nyamoita alipoelezwa alichofanya, alikaa chini kwenye ngazi mpya akajifunika uso kwa leso. Zaidi ya miaka kumi alikuwa ameomba nyumba, na mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoifunika. Onsongo alikuwa na hasira ya kutosha kubomoa ukuta, lakini alipomwona hivyo ikamwisha, ikabaki hofu tu. Sabato ilikuwa inaingia na kazi hairuhusiwi. Jumapili wote wawili waliparua udongo kuzunguka nyumba, yeye kwa mwiko, mkewe kwa kisu cha jikoni, wala hawakusemezana hadi upande wa nne.

Jumatatu Onsongo alivaa koti la kanisani, akapanda basi kwenda Homa Bay kuomba mkaguzi arudi kabla ya mwaka kuisha. Hakuwa amewahi kufika kwenye ofisi hiyo kabla ya siku hiyo. Aliulizia njia, akaelekezwa chini, karibu na ziwa, na alipoliona jengo akasimama kabisa katikati ya njia. Ilikuwa ile nyumba ya 1948. Mizigo ya bloku zile aliibeba yeye.

Maneno ya yule Mhindi mzee yalikuwa yametimia pasipo kupunguka. Ukuta ulikuwa umekunywa hadi kiunoni. Plasta ilikuwa imevimba na kudondoka, ukungu wa kijani ulipanda nyuma ya makabati, na majalada yalikuwa yameanikwa dirishani yakikandamizwa kwa mawe. Meza ya Bwana Nashon ilikuwa imekimbizwa katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne. Hapo ndipo alipokuwa akikaa mtu aliyekuwa anazikagua nyumba za wilaya nzima kama zina unyevu.

Bwana Nashon alipomwona aliinuka. Suruali haikuwa imepigwa pasi. "Jaduong'," alisema, na hilo lilimshtua Onsongo, maana ndilo neno Waluo wanalomwitia mtu wanayemheshimu. "Jaduong', karibu. Keti. Wewe ndiye unajua mambo ya hii karatasi?"

"Ninaijua."

"Mkubwa anakuja kutoka Kisumu. Jumatano. Anataka kuona kama nyumba za serikali ziko na line. Anaanza na hii." Akaukodolea macho ukuta wake. "Hii inatengenezwa namna gani?"

Onsongo alisahau shida yake. Kuulizwa swali hilo na serikali yenyewe! Aliutia ukuta kiganja, akaeleza. Unatoa bloku za chini futi tatu futi tatu, si zaidi, nyumba isije ikatitia. Unalaza karatasi, unarudisha bloku, unasubiri simiti ishike, unasogea. Ndani ya wiki tatu unyevu hauna njia tena, na ukifika mwezi wa tatu unaweza kupiga plasta mpya. Alieleza kwa raha hadi mate yakamkauka.

"Jumatano ni keshokutwa," Bwana Nashon alisema.

Kisha akafungua mtoto wa meza akatoa kopo. Onsongo alilijua kopo lile, alijua na brashi yake ya katani.

"Hiyo umeitoa kwa Maroa."

"Nilimwomba kidogo."

"Kwa hivyo ulikuwa unajua. Nyumba zote zile."

"Jaduong', nijue nisijue, fomu inauliza line iko ama haiko. Haiulizi ndani kuna nini." Akasogeza karatasi moja mezani, na Onsongo akaona namba ya ploti yake. Kalamu ilikuwa imelala juu yake. "Mimi nikipaka itakwenda kombo, huyo mkubwa si kipofu. Nataka mkono wa fundi. Ukimaliza, tunasaini."

Onsongo aliisoma namba ile tena. Alifikiri habari za chumba cha nyuma ya soko. Alimfikiria Nyamoita akiparua ukuta kwa kisu cha jikoni. Alifikiri pia kwamba angeweza kuinuka, akatoka na heshima yake yote, na mwezi wa Januari mtu mwingine angelala katika nyumba kavu kuliko zote Migori. Akachukua kopo.

Alivuta uzi kutoka pembe hadi pembe, akaupima kwa pima maji. Akapiga mstari ulionyooka, vidole viwili, inchi sita juu ya ardhi, kuzunguka nyumba ya serikali yote, na kwenye pembe akaupishanisha kidogo kama karatasi ya kweli inavyopishana. Alipofika upande wa ziwani aliangalia chini na kujikuta amevua viatu. Hajui alivivua saa ngapi. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, akavivaa haraka na kumalizia.

Bwana Nashon alitia sahihi. Safari hii hakuhitaji kuona mstari wa mtu yeyote.

Nyumbani Onsongo alisema tu kwamba mkaguzi amebadili mawazo, na Nyamoita akashukuru Mungu kwa sauti iliyosikika sokoni. Walihamia wiki hiyo hiyo. Kusiriba hakukukoma, Nyamoita hangeweza kuacha kama vile hangeweza kuacha kusali, lakini walipatana: udongo usivuke inchi nne. Kila Ijumaa akimaliza, mumewe alipita nyuma yake na futi kamba.

Mwezi wa Februari ikaja barua kutoka Kisumu, karatasi nzito yenye nembo. Mkubwa alikuwa ameitazama ofisi ya Homa Bay akiwa ndani ya gari lake na kuridhika mno. Aliuliza kazi safi kama ile ni ya nani, akatajiwa jina. Barua ilimpongeza fundi M. Onsongo wa Migori kwa "kazi ya mfano ya kuzuia unyevu", ikashauri mafundi wa wilaya yote waige kwake. Katika zaidi ya miaka kumi ya kulaza karatasi halisi hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia hata mstari mmoja wa asante.

Nyamoita alilia kwa furaha. Aliitia barua kwenye fremu yenye kioo, akaitundika sebuleni mbele ya mlango, ili kila anayeingia apokewe kwanza na hiyo. Mchungaji aliisoma kwa sauti. Maroa aliisoma mara mbili, akashika meza kwa kucheka, kisha akamwangalia Onsongo mwenyewe usoni akaacha kucheka na kuomba maji ya kunywa. Onsongo hakupata moyo wa kumweleza mkewe, wala wa kuiondoa.

Masika ya mwaka huo yalikuwa makali. Kule Homa Bay mstari ulivimba ukadondoka pamoja na plasta yake, na ukapigwa mwingine. Kwa Onsongo mvua ilipiga wiki sita na ukuta haukupata hata doa. Barua ile haikujikunja, haikuota ukungu, wala wino wake haukuchujuka. Ilikaa pakavu pale miaka yote, mbele ya meza ya chakula, na Onsongo alihamisha kiti chake upande wa pili ili akila awe ameipa mgongo.